Mwano Uliofungwa Kimya Kimya

Mama Jenipha anasema mwanangu aliyeyuka. Hasemi alikimbia, hasemi alijificha. Aliyeyuka, anasema, kama samli kwenye kikaango, mbele ya macho yake mawili na mbele ya debe alilokuwa amelishika.

Anavyosimulia yeye pale bombani, mtoto alisimama katikati ya uwanja wetu, akaziba masikio, akazunguka kama pia, na hapo hapo kikaja kisulisuli kutoka upande wa barabara, kikampitia. Kilipoondoka, hakuna mtoto. Zimebaki ndala. Siku ya kwanza kisulisuli hicho kilikuwa kimefika usawa wa paa. Siku iliyofuata kilikuwa kimeupita mnara wa simu. Juzi nimesikia kina kunguru ndani yake, kunguru mweupe mwili mzima, na kunguru huyo alimtazama Mama Jenipha kwa jicho la mtu mnayefahamiana naye.

"We Mama Jenipha," nikamwambia, "huyo kunguru alikuwa wapi siku ile unatoa maelezo kwa kamanda wa sungusungu?"

"Siku ile nilikuwa na mshtuko. Kunguru nimemkumbuka baadaye."

Mimi wakati anayeyuka sikuwepo, nilikuwa mashineni nasagisha. Lakini debe nimeliona, limebonyea mpaka leo, kwa hiyo kwenye habari ya debe namwamini kabisa. Hayo mengine acha nieleze mwenyewe, maana mtoto ni wangu na pamba ni yangu.

Mwanangu anaitwa Nyamizi, ana miaka saba, na mtaa wetu wote hapa Somanda unamfahamu kwa jina la "yule asiyesalimia". Ni kweli hasalimii. Mtu mzima akipita, watoto wenzake wanapiga goti, "Mwadila!", yeye anaendelea kupanga magunzi yake kwenye baraza, makubwa huku, madogo kule. Ukisogeza gunzi moja hata kidogo tu, utalirudisha mwenyewe kwa jinsi atakavyolia. Maneno yake mengi ni ya kuazima. Anayachukua redioni au mdomoni mwa mtu, anakaa nayo, halafu anayatoa siku anayotaka yeye. Kuna asubuhi baba yake alikuwa anatafuta ufunguo wa pikipiki, anapekua huku anafoka nyumba nzima, Nyamizi akamwambia kwa sauti ile ile ya mtangazaji, "Wananchi mnaombwa kuwa watulivu." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nimemtazama sana mtoto huyu. Shule yangu iliishia la saba, lakini kutazama najua. Zamani nilidhani hasikii, maana unaweza kumwita mpaka ukauke koo, hageuki. Halafu nikaona kwamba ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, anakuja. Nikaona tena kwamba pikipiki ya baba yake ikiwa bado iko mbali kabisa, yeye ameshaziba masikio, mimi ndiyo naanza kuisikia baadaye. Basi si kwamba hasikii. Anasikia vyote kwa mpigo, na jina lake linapotea humo ndani kama sindano kwenye nyasi. Na ukimgusa kwa mkono mwepesi anaruka kama umemmwagia maji ya baridi, ila ukimkumbatia kwa nguvu, ukamlemea hasa, anatulia, anapumua taratibu.

Haya niliyaona peke yangu kabla sijajua kama yana jina. Jina nilipewa na mwalimu wa kitengo. Kuna shule hapa Bariadi ina kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, nikaenda na Nyamizi mgongoni japo ni mkubwa, mwalimu akakaa naye chini kwenye mkeka, akamtazama anavyopanga vizibo, hakumwita hata mara moja. Kisha akaniambia, "Mama Nyamizi, huu unaitwa usonji. Si laana, si ukaidi, wala hujakosea kumlea. Masikio ya huyu hayana mlango. Sisi wengine tunafunga tukitaka, yeye hawezi." Akanipa nafasi. Nyamizi aanze Jumatatu. Akaniambia pia nisicheleweshe, maana wanaosubiri nafasi hiyo ni wengi, na asipoonekana Jumatatu anaingia mwingine.

Nilirudi nyumbani natembea kama nimekunywa. Nikawasalimia watu nisiowajua. Nikamsalimia na mbuzi wa Mama Jenipha.

Basi wiki hiyo hiyo akaja mama mkwe wangu kutoka Mwandoya.

Mama mkwe naye anaitwa Nyamizi. Mtoto ni wajina wake, mume wangu Mayunga alimpa mtoto jina la mama yake, na mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, alikuwa amekaa miaka yote hiyo huko kwenye ng'ombe zake akingoja siku ya kumuona wajina. Alishuka na kuku wawili na kibuyu cha maziwa ya mgando. Hakukaa hata kwenye kiti. Alisimama mlangoni akaita, kwa furaha kabisa, "Nyamizi! Wajina wangu!"

Mtoto akaendelea na magunzi.

"Nyamizi!"

Hageuki.

Mayu akainama, akamgusa bega kwa vidole viwili, taratibu, kwa upendo. Mtoto akaruka, akapiga ukelele, akakimbilia nyuma ya nyumba. Nilimtazama mayu usoni wakati ule, na nikasema moyoni, hapa pana kazi. Mtu akikukatalia chai unaweza kusahau. Huyu aliona amekataliwa jina.

Maana kwetu jina la mzee haliokotwi tu. Mtoto akilia sana, akiugua ugua, wazee wanasema hataki jina hilo, atafutiwe jingine. Mayu akahesabu hivyo. Usiku ule nikamsikia anamwambia Mayunga, "Mtoto amenikataa. Jumamosi naondoka naye. Mganga atamtafutia jina lake la haki, na atakaa kwangu mpaka atakapokuwa mtu."

"Sawa, mayu," akasema Mayunga.

Mayunga ni mume mzuri. Ana bodaboda, ana huruma, ana utani, ana kila kitu isipokuwa neno "hapana" kwa mama yake. Nilipomwambia habari ya Jumatatu akajikuna kichwa. "Mke wangu, ongea naye wewe." Kuongea na mkwe! Mimi ninayemsalimia nimepiga magoti macho yakiwa chini, nikamwambie umekosea? Nilijaribu, kwa mafumbo. Nikamweleza kwamba mtoto anachoshwa na kelele, akiitwa itwa anazidi kupotea. Akanijibu, "Nimezaa tisa, ng'wanone, mwanangu. Wa kumi ndiyo nifundishwe?"

Jumamosi ikafika. Gari la Selestini, pikapu inayobeba mizigo ya kwenda Mwandoya, lilikuwa lije mchana kumchukua mayu na mtoto. Mayu akanituma mashineni nikasage unga wa safari. Nikabeba ndoo yangu, na moyo umekuwa mzito kuliko ndoo.

Sasa, kumbe mayu alikuwa na lake. Aliona kabla ya kwenda kwa mganga ajaribu mwenyewe: amwimbie mtoto jina. Akawaita majirani. Mama Jenipha huwa haalikwi mara mbili, akaja na debe. Wengine wakaja na vifuniko vya sufuria. Wakamzunguka mtoto katikati ya uwanja, wakaanza kuimba, "Nyamizi, Nyamizi, itikia!" Debe linalia, vifuniko vinagongana, vigelegele. Walikuwa wanampenda, hilo nalijua. Walimpenda kwa nguvu zote na kwa kila chombo cha jikoni.

Na hapo ndipo, kwa maneno ya Mama Jenipha, alipoyeyuka.

Mimi niko kwenye foleni, mahindi yangu nusu yameshaingia kwenye mashine, nikasikia mwano.

Kama hujawahi kuusikia mwano, ni ule ukelele wa kuita watu wakati wa hatari. Mtu mmoja anaupiga, wa nyumba ya pili anaupokea, filimbi zinaingia, na ukishalia hakuna wa kubaki ndani. Asiyetoka anatozwa faini na sungusungu, walinzi wetu wa mtaa. Mwenye mashine akazima injini hapo hapo, unga wangu ukiwa nusu njia. Kinyozi akatoka, na mteja wake akatoka naye, kichwa upande mmoja kina nywele na upande wa pili hakina. Tukawa tunakimbia wote kuelekea huko huko kwetu.

"Ng'ombe wa nani?" anauliza mmoja.

"Si ng'ombe, ni mtoto!"

"Mtoto wa nani?"

"Wa Mayunga! Yule asiyesalimia!"

Miguu yangu ilikuwa inakimbia tayari. Baada ya hapo ikaruka.

Uwanja wetu ulikuwa umejaa mpaka juu ya mti wa mwarobaini. Sungusungu wana marungu, wana pinde, mmoja ana panga na mtoto wake mchanga mgongoni kwa sababu mke wake alikuwa sokoni. Katikati yao kasimama Kamanda Maduhu. Siku za kawaida Maduhu ni fundi pancha, anaziba matairi pale njia panda, lakini akivaa filimbi yake yenye uzi mwekundu, hata baba yake mzazi anamwita kamanda. Alikuwa amechomeka fimbo ardhini karibu na beseni letu la nyuma ya nyumba, na mbele ya fimbo kuna ndala za Nyamizi.

"Mtu asiguse," anasema. "Hiki ni kidhibiti."

Watu walikuwa wameshagawana pande. Kundi moja kwenye korongo, kundi jingine kwenye visima, na kila kundi linaita kwa sauti ya juu kabisa, "Nyamiziii!" Na kila wakiita, mama mkwe wangu, ambaye amekaa chini analia, anaitika kwa mazoea, "Beee!"

"Amepatikana!" Watu wanarudi mbio.

"Hapana, ni bibi!"

"Mayu, usiitike!"

"Basi msiniite!"

Mayunga alikuwa anazunguka na pikipiki yake uwanja mzima, akiipiga moto, eti mtoto akiisikia atajua baba yupo. Nikamshika mkono, akanitazama kama hanifahamu. Mama Jenipha akanirukia na kisulisuli chake. Nikamwambia subiri. Nikaenda kuzitazama ndala.

Zilikuwa zimewekwa sawasawa, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia, visigino vimegusa ukuta. Beseni lina maji machafu kidogo. Kando yake kipande cha sabuni, kimerudishwa juu ya kibao chake.

Nikaanza kucheka.

"Mungu wangu," akasema Mama Jenipha, "mapepo yamempanda na yeye!"

Sikuweza kujizuia. Ninyi mnaokaa na pamba ndani mnajua: mwezi ule ununuzi ulikuwa haujafunguliwa, na pamba yetu yote ya shamba la nje ya mji ilikuwa imelundikwa kwenye chumba cha uani, nyeupe, imefika karibu na dirisha. Chumba hicho kina sheria. Hakiingiwi na kiatu, hakiingiwi na mguu mchafu, maana pamba ikishika udongo inaitwa fifi, na fifi mnunuzi anaishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Jioni mimi na Nyamizi tulikuwa tunaingia humo kuichambua, tunatoa majani makavu. Kabla ya kuingia: vua ndala, zipange ukutani, nawa miguu kwa sabuni, rudisha sabuni. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza, sikurudia tena. Nyamizi akishapewa sheria, amepewa.

Na watu wote wale hawakutazama chumba kile, kwa sababu nani katika mkoa huu anakanyaga pamba ya watu? Mwizi mwenyewe angefikiria mara mbili.

Nikaenda, nikasukuma mlango kidogo, nikachungulia kwa jicho moja. Lundo lilikuwa linapumua. Upande wa chini, kwenye pamba, kulikuwa na kidole gumba cha mguu, kisafi kabisa.

"Yupo," nikasema.

Nilikosea kulisema kwa sauti.

"Yupoooo!" Uwanja ukalipuka. Vigelegele, filimbi, debe, pikipiki, kinyozi na mteja wake wamekumbatiana. Kile kidole kikavutwa ndani fasta, kama kichwa cha kobe. Nikaona, sasa wakiingia kumtoa, atauma mtu, atatoka anakimbia mpaka Maswa. Nikajitandaza mlangoni, mikono huku na huku.

"Nyamazeni!" nikasema. "Nawaomba! Kelele hizi hizi ndizo zinazomficha!"

Waliokuwa mbele wakanyamaza. Wa nyuma wakauliza amesema nini. Kamanda Maduhu akasogea, akaweka mkono kwenye filimbi yake.

"Mama Nyamizi, mtoto amepatikana?"

"Amepatikana, kamanda."

"Basi nifunge mwano, watu watawanyike." Akavuta pumzi, kifua kikajaa.

Nikaikamata filimbi. Mimi, mwanamke, nikaikamata filimbi ya sungusungu kwa kiganja. Uwanja mzima ukashika pumzi kwa jambo hilo tu.

"Kamanda, usipulize. Ukiipuliza sasa hivi, mtoto hatatoka mpaka kesho."

"Lakini mwano haufungwi bila filimbi." Alisema kwa uchungu hasa, anaeleza kitu ambacho hana namna nacho. "Mimi nikipuliza, wao wanaitikia 'Hooo', nasema 'Mwano umefungwa', ndipo watu wanaruhusiwa kwenda. Bila hivyo wote hawa wako kazini. Hakuna wa kuondoka. Huyo," akamwonyesha mteja wa kinyozi, "huyo atakaa hivyo hivyo nusu kichwa."

Mteja wa kinyozi akanitazama kwa huruma ya kujihurumia.

"Basi puliza," nikasema, "lakini usitoe sauti."

"Nipulize bila sauti?"

"Ndiyo, kamanda."

Maduhu akafikiri. Nilimwona anafikiri, mishipa ya paji la uso ikapanda. Akawageukia watu wake, akasema kwa kunong'ona, sauti ambayo nadhani hajawahi kuitumia tangu azaliwe, "Sungusungu. Jipangeni. Tunafunga mwano. Kimya kimya."

Wakajipanga. Wanaume wazima, gumbuti zimejaa tope la korongo, marungu mabegani. Maduhu akaweka filimbi mdomoni. Akajaza mashavu mpaka macho yakatoka. Akapuliza hewa pembeni, fyuuu, kama anapoza uji. Akainua mkono. Na wale wanaume wote, safu nzima, wakafungua midomo kwa upana wa kung'olewa jino, wakaitikia "Hooo" isiyo na hata chembe ya sauti.

Hapo ndipo kicheko kilipotushika. Kicheko cha kukatazwa, unakijua, kile cha msibani. Mabega yanatikisika, machozi yanashuka, mtu anauma kofia yake. Yule mwenye mtoto mgongoni alikaa chini kabisa, na kichanga kinamtazama. Mama Jenipha akashikwa na kwikwi, na kila kwikwi ikija anajifunika kichwa na debe, ndani ya debe inalia "hik!" na watu wanaanza upya. Mayunga akazima pikipiki, akaisukuma mpaka barabarani kwa ncha za vidole vya miguu, akarudi hivyo hivyo, ametoa viatu, hata sijui kwa nini.

"Mwano umefungwa," akanong'ona kamanda, machozi mashavuni.

Hakuna aliyeondoka.

Nikamwendea mayu. Alikuwa amesimama peke yake karibu na beseni, ndiye pekee asiyecheka. Alikuwa anazitazama zile ndala.

"Alinawa miguu," akasema polepole.

"Ndiyo, mayu."

"Anakimbia watu, anaogopa hivyo, akasimama kwanza akanawa miguu kwa ajili ya pamba?"

"Ndiyo, mayu. Akarudisha na sabuni."

Mayu amelima pamba tangu akiwa msichana, na naamini katika wale tisa aliowazaa hakuna hata mmoja aliyewahi kunawa bila kufukuzwa na fimbo. Akavua viatu vyake, akavipanga ukutani kando ya zile ndala. Akachukua sabuni.

"Nikiingia nimwiteje?" akaniuliza. Mkwe wangu ananiuliza mimi!

"Usimwite, mayu. Kaa tu."

"Nikae nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

Akaingia. Mimi nikabaki mlangoni, nyuma yangu mtaa mzima wa Somanda ukinipumulia shingoni. Mayu akakaa pembeni ya lundo, miguu ameinyoosha, na kwa muda alijaribu kweli kutofanya kitu. Lakini mikono yake haijazoea. Mkono wa kulia ukaanza wenyewe, ukavuta fundo la pamba, ukalifungua, ukatoa jani kavu, ukaliweka kiganjani mwa kushoto. Fundo jingine. Jani jingine. Anatazama dirisha, mikono inachambua.

Lundo likatikisika. Ukatoka mkono mdogo, peke yake, bila mtu. Vidole viwili vimeshika jani kavu. Mkono ukatafuta hewani, ukafika kwenye kiganja cha mayu, ukaweka jani, ukarudi ndani.

Nyuma yangu mtu akasema "Aaa," akapigwa kiwiko.

Mayu hakugeuka hata kidogo. Alichambua fundo lake, akaweka jani. Mkono ukatoka, ukaweka la kwake. Wakaenda hivyo, moja lake, moja la mtoto, na baada ya muda ukatoka mkono na bega, halafu kichwa chenye nywele zimejaa pamba kama mzee wa miaka mia. Nyamizi hakumtazama bibi yake. Alisogea kinyumenyume, akaukalia mguu wake, akamwegemea kwa mgongo kwa uzito wake wote, kama anayeegemea ukuta.

Mayu akainua mkono kutaka kumgusa bega kwa vile vidole vyake viwili.

"Mkono mzima, mayu," nikanong'ona. "Mlemee."

Akaushusha mkono mzima, wenye bangili na misuli ya jembe, ukamlalia mtoto kifuani kama gogo. Nyamizi akashusha pumzi ndefu. Kisha akasema, wazi kabisa, kwa sauti nzito ya fundi pancha, "Mwano umefungwa."

Basi. Hapo hapakuwa na wa kujizuia tena. Tulijaribu, Mungu anajua, kamanda mwenyewe alijitia filimbi mdomoni asicheke, ikalia "pii!" kidogo, akaitema kama imemchoma. Watu wakaanza kukimbilia barabarani ili wakachekee huko mbali. Na ndani ya chumba nikaona tumbo la mama mkwe linapanda na kushuka, anacheka bila sauti, na mtoto juu yake anapanda na kushuka naye, na mtoto akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha kooni ambacho mayu alikuwa hajawahi kukisikia.

Selestini akafika wakati huo. Mayunga alimwahi barabarani akamzuia kupiga honi, kwa hiyo akaja kwa miguu mpaka mlangoni, ufunguo wa gari kidoleni, anashangaa watu wazima wamelala kwenye majani ya kando ya barabara wanashika mbavu.

"Mayu, salama?" akanong'ona, maana aliona wote tunanong'ona. "Mizigo iko wapi? Nina abiria wanangoja. Ni wawili, si ndiyo? Wewe na mtoto?"

Mayunga akanitazama. Alifungua mdomo, nikadhani leo ndiyo leo, akaufunga. Nikaelewa kwamba neno hilo litapita kwangu au halitapita kabisa.

Nikanawa miguu. Nikaingia, nikapiga magoti kwenye ukingo wa pamba, macho chini kama inavyotakiwa, nikaona miguu yao minne safi imepangana. Kicheko kilichobaki nikakimeza.

"Mayu," nikasema. "Shule inamngoja Jumatatu. Jina lako analo, hajalikataa, ni vile tu haliitikii kwa mdomo. Nakuomba uniachie Nyamizi."

Selestini mlangoni akachezesha ufunguo, Mayunga akaushika usilie.

Mayu akamwashiria Selestini kwa kidevu aende zake. Mkono wa kulia ulikuwa umemlemea mtoto. Wa kushoto aliukunjua, akauweka wazi juu ya pamba, akangoja jani.